Dhahabu ilikuwa halisi, sarafu haikuwa: kisa cha faranga tano za Katanga

Waliohusika

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi. Majina, mtaa, miezi na bei vimeondolewa, na mambo mawili matatu yasiyobadili maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike.

Anayeitwa Mama humu ni sonara mwenye duka lake katikati ya mji. Kazi aliirithi kwa baba yake, na kipato chake kikubwa ni pete za ndoa na mikufu iliyokatika inayoletwa kuyeyushwa. Mpwa wake hushughulikia picha, simu na kompyuta. Muuzaji ni mwanamume wa makamo aliyeletwa dukani na mtu anayesali na Mama kanisa moja. Mnunuzi wa mwisho ni mkusanyaji wa sarafu anayeishi Ubelgiji, mzaliwa wa mji huu tangu ukiitwa Élisabethville. Mimi niliingia mwishoni, avoka (wakili) wa Mama aliponiomba nizitazame sarafu na kuandika nilichokiona.

Kongo utapeli wa dhahabu si habari mpya. Kuna vumbi la shaba ya njano linalouzwa kama dhahabu ya mchanga, kuna vipande vilivyopakwa rangi, kuna mgeni anayeoneshwa mfuko hotelini usiku huku akiharakishwa. Hayo yote Mama huyabaini kabla chai haijapoa. Huyu si mtu wa kudanganywa kirahisi, na ndiyo sababu niliona kisa chake kinafaa kuandikwa kirefu.

Sarafu yenyewe

Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jimbo la Kongo ambalo mji huu umo, tarehe 11 Julai 1960, na kujitenga huko kukaisha Januari 1963. Katikati ya hapo zilitolewa sarafu za mwaka 1961. Ya faranga tano ina ule msalaba wa shaba, croisette, upande mmoja, na mkungu wa ndizi upande wa pili. Iliyopita mikononi mwa watu ilikuwa ya bronzi. Lakini faranga tano ilipigwa pia kwa dhahabu: vipande 20,000, kila kimoja gramu 13.33, dhahabu sehemu 900 kwa 1,000. Ndani yake kuna kama gramu 12 za dhahabu safi.

Kwa kuwa sura na ukubwa vinalingana, ujanja wa zamani ni kuchukua ile ya bronzi na kuipaka maji ya dhahabu. Mizani humaliza mchezo huo mara moja, maana bronzi ya ukubwa ule ina karibu nusu tu ya uzito unaotakiwa.

Bei ya sarafu ya namna hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni dhahabu iliyomo, ambayo sonara yeyote anaijua kila asubuhi. Ya pili ni nyongeza anayoilipa mkusanyaji kwa sababu kipande ni cha 1961 na si cha jana. Nyongeza hiyo ndiyo inayovuta mafundi wa kughushi.

Sarafu ya kwanza

Muuzaji alikuja na sarafu moja, imefungwa kwenye kitambaa.

"Mama, hii njo ya nkambo," alisema, akimaanisha babu. "Alituachiaka tu hivi."

"Papa, uzito nitakulipa leo," Mama akamjibu. "Mambo ya sarafu tutasema nyuma."

Wakakubaliana hivyo. Mama alilipa thamani ya dhahabu, kisha akaahidi kuongeza akipata mnunuzi anayejua sarafu. Aliipima kwa mizani, akaisugua ukingo kwenye jiwe jeusi na kutia asidi, halafu akaipeleka kwa rafiki mwenye kontwari ya dhahabu, yaani ofisi ya kuinunua, aliye na mashine ya eksirei ya kusoma madini. Mpwa alinakili majibu kwenye daftari: dhahabu 90, shaba karibu 10, fedha kidogo mno. Akapiga picha pande zote mbili. Kwenye mkono mmoja wa msalaba kulikuwa na kovu dogo, kama sarafu iliwahi kuangukia kitu chenye ncha.

Mkusanyaji alimtuma ndugu yake mjini kuilipia na kuipokea. Baadaye akaipeleka kwa mtaalamu huko aliko, naye akaithibitisha. Muuzaji akapata nyongeza yake na kushukuru sana. Mpaka hapo hakuna kosa la mtu yeyote.

Zile sita

Baada ya majuma kadhaa alirudi na sarafu sita. Safari hii zilikuwa "za upande wa binamu". Tano zilikuwa wazi. Ya sita ilikuwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye karatasi ya daraja na namba, mfano wa yale ya kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifunga, kama PCGS na NGC. Binamu, ilisemekana, aliwahi kuipeleka nje.

Mpwa aliingiza namba ile kwenye simu. Ilikuwepo, na maelezo yalilingana: Katanga, faranga tano, dhahabu, 1961. Akatulia. Chini ya maelezo kulikuwa na picha, lakini hakuifungua.

Mkusanyaji alipopigiwa simu alifurahi, akasema atachukua zote, ila atumiwe picha nzuri kwanza. Muuzaji naye alikuwa na haraka. Kuna kilio katika familia, alisema, na Jumapili wageni wanafika kutoka Kolwezi. Sisi wa hapa tunajua gharama za kilio zilivyo. Hakuna anayemhoji mtu mwenye msiba.

Vipimo, na kwa nini vilichaguliwa hivyo

Mama alikuwa na hofu moja: tungsteni. Alikuwa amesikia habari za vipande vya dhahabu vyenye moyo wa chuma hicho, na hofu yake ilikuwa na msingi. Tungsteni, inayotokana na wolframaiti kama ile inayochimbwa Kivu na Maniema, ina uzito wa gramu 19.25 kwa sentimita moja ya ujazo, na dhahabu safi ina 19.3. Ukiifunika kwa ngozi ya dhahabu, mizani na kipimo cha unene vinaweza kudanganyika pamoja. Asidi hugusa ngozi tu. Eksirei nayo, pamoja na sifa zake zote, kwenye dhahabu husoma mikroni chache za juu. Kilicho chini zaidi haikioni.

Kwa hiyo Mama alipanga vipimo vya kutafuta kilichofichwa tumboni. Sumaku: hakuna kilichovutwa. Kipenyo na unene: sawasawa na sarafu ya kwanza. Mlio: kila moja iliwekwa kwenye ncha ya kidole na kugongwa taratibu kwa kalamu, ikalia kwa sauti nyembamba iliyokawia kuisha, kama inavyolia dhahabu iliyopigwa ikiwa kipande kimoja.

Kisha maji. Hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu baadaye kilinifundisha jambo. Aliweka bilauri ya maji juu ya mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu, akairudisha kwenye sifuri, akaitumbukiza sarafu ikining'inia kwenye uzi wa kushonea bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Sarafu ya gramu 13.33 ya dhahabu 900 iliyochanganywa na shaba inatakiwa kuonesha 0.77. Kati ya zile tano zilizo wazi, nne zilionesha 0.76 na moja 0.77. Mama akaridhika, na alikuwa na haki ya kuridhika. Kwa mizani ile tofauti ya 0.01 haina maana. Pumzi ya msomaji au kiputo kimoja cha hewa kwenye ukingo kinatosha kuileta.

Mwisho, kontwari. Sarafu tano zilizo wazi zilisomwa, dhahabu 90 zote. Mwenye mashine akasema, "Mama, iko bien." Mpwa akanakili mistari yote kama kawaida yake: dhahabu 90, shaba 7, fedha 3.

Mstari wa fedha haukusomwa na mtu. Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa kwenye mstari wa dhahabu, na walikipata.

Malipo

Hapa Mama alifanya uamuzi uliomwokoa. Muuzaji alitaka alipwe nyongeza ya sarafu zote siku ileile, kwa hoja kwamba mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mpwa alikuwa tayari, na mtu wa kanisani naye akapiga simu kumwombea muuzaji. Mama akakataa. Akalipa thamani ya dhahabu ya zile tano zilizosomwa na mashine, akamwandikia karatasi kwamba nyongeza italipwa mkusanyaji akizipokea, na ile ya kasha akaishika bila kuilipia kwa sababu hangeweza kuipima bila kuvunja plastiki.

Nilimuuliza kama alishuku kitu. Hakushuku. "Baba alinifundisha nilipe ninachoweza kuyeyusha," ndivyo alivyosema.

Muuzaji alichukua fedha bila ugomvi. Naona hilo lingestahili kumshtua mtu: aliyeshindilia nyongeza mchana kutwa ameridhika na bei ya madini dakika ya mwisho. Lakini ni rahisi kusema hivyo leo.

Picha

Jioni mpwa alipanga picha kumi na mbili kwenye kompyuta, sita za msalaba na sita za ndizi, azitume Ubelgiji. Alizipanga kwa safu ili zipendeze. Na kwenye safu ya misalaba aliona kovu, mahali palepale kwenye mkono uleule, katika sarafu zote sita, hata ile ya kasha.

Sarafu mbili zinaweza kukwaruzwa, lakini haziwezi kupata jeraha moja mahali pamoja kwa kina kimoja. Akafungua picha ya sarafu ya kwanza, iliyokwisha kuondoka. Kovu lilikuwepo pia.

Nilipozitazama kwa lenzi, tofauti ilikuwa wazi. Mpwa aliomba kwa mkusanyaji picha ya karibu ya ile ya kwanza: kovu lake lina kingo kali, na upande mmoja dhahabu iliyosukumwa imeinuka kama mdomo. Hivyo ndivyo madini laini yanavyoumia. Kwenye zile sita kovu lilikuwa shimo laini lisilo na mdomo, na ndani yake mng'ao uleule wa uso wote wa sarafu. Halikupatikana baada ya sarafu kupigwa. Lilipigwa pamoja nayo, likiwa limenakiliwa kwenye muhuri wa chuma unaopigia sarafu.

Mkusanyaji alipata ujumbe usiku huohuo. Mpwa alimwandikia ukweli wote, akaambatanisha picha, akasema oda imesimama.

Mjadala wa duka

Kwa siku kadhaa walibishana wafanye nini na sarafu hizo. Mpwa alitaka ziyeyushwe. Dhahabu ni nzuri, imelipiwa bei ya dhahabu, hasara iko wapi? Ndugu wa mkusanyaji alikuja na shauri baya zaidi: ziuzwe moja moja mtandaoni, pasiandikwe neno "halisi", kila mnunuzi ajitazamie. Mtu wa kanisani, kwa aibu, aliomba zirudishwe kwa muuzaji na fedha idaiwe kimyakimya.

Mama alimwita avoka. Avoka alipinga yote matatu. Kuyeyusha ni kuharibu ushahidi. Kuuza ni kuingia kwenye utapeli wenyewe. Kurudisha ni kumpa mwenye muhuri mzigo wake akaupeleke Likasi au Ndola, ng'ambo ya mpaka. Akashauri waende kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, kutoa maelezo, sarafu zifungwe kwa lakiri pamoja na daftari la mpwa, picha na karatasi ya malipo.

Kulikuwa na suala la sheria lililomsumbua. Faranga ya Katanga si pesa halali ya nchi yoyote leo, kwa hiyo kusema muuzaji ameghushi pesa kungeleta mabishano yasiyoisha. Akaliweka kama utapeli: mtu ameuza kitu kwa hadithi ya uongo. Naona alichagua vizuri.

Matokeo

Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Nyumba aliyoitaja ilikuwepo, ila wenyeji hawakumjua. Mama hakupoteza nyongeza, kwa sababu hakuilipa. Alichokipoteza ni matumizi ya fedha yake, kwa kuwa dhahabu aliyoilipia imelala parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, chini ya lakiri. Mkusanyaji amebaki na sarafu yake ya kwanza, ambayo ni halali, na uhusiano wake na duka haukuvunjika, ingawa kwa sasa hanunui chochote kutoka huku.

Na kasha? Mpwa alipoifungua picha iliyokuwa chini ya namba ile, aliona sarafu nyingine kabisa, isiyo na kovu. Namba ilikuwa ya kweli, imenakiliwa kutoka kasha la mtu mwingine. Plastiki na karatasi vilikuwa vya bandia, tena vimetengenezwa vizuri kuliko sarafu iliyomo.

Uchambuzi

Vipimo vyote vya Mama vilijibu swali moja kwa usahihi: je, hii ni dhahabu? Ndiyo, ni dhahabu. Swali la pili, je, ilipigwa 1961, halikuulizwa na kipimo hata kimoja. Mizani, asidi, maji na eksirei haviwezi kulijibu peke yake. Mwenye kughushi anayetumia dhahabu ya kiwango kilekile amekwisha kuvuka vizuizi vyote vya sonara kabla hajafika mlangoni.

Jambo lenyewe si geni duniani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sovereign, sarafu za dhahabu za Uingereza, zilighushiwa kwa wingi Italia na Lebanoni, nyingi zikiwa na dhahabu ya kutosha ndani, na kuenea kwake ni sababu mojawapo iliyoifanya Uingereza irudie kuzipiga mwaka 1957. Wamarekani wana kisa cha dola 20 za 1907 zenye mchoro ulioinuka sana: aliyezighushi alitumia dhahabu sahihi, akapiga kwa ustadi hata wataalamu wakapitwa, na akaacha herufi ndogo ya Kigiriki, omega, ndani ya ukucha wa tai. Tofauti ya sasa ni kwamba kazi iliyomtaka fundi hodari wa kuchonga inafanywa na mashine. Sarafu moja halali inasomwa na kifaa cha kunakili umbo, muhuri unachongwa kwa leza, na shinikizo la kupigia linanunulika. Mashine haichagui, inanakili msalaba, ndizi na kovu kwa uaminifu uleule.

Mtu atauliza faida iko wapi, kama unatia dhahabu halisi ya gramu 12. Nyongeza ya mkusanyaji ni jibu la kwanza. La pili ni kisio langu, na linatokana na ule mstari wa fedha. Dhahabu ya mchimbaji mdogo hutoka ardhini ikiwa na fedha ndani yake. Viwanda vya kusafisha huiondoa. Nyumba za kupiga sarafu za Ulaya hununua dhahabu iliyosafishwa na kuichanganya na shaba, kama daftari lilivyoonesha kwa ile ya kwanza. Fedha asilimia 3 inaniambia kwamba dhahabu ya zile sita haikupita kiwandani. Na dhahabu ya shimoni ina maswali: umeitoa wapi, cheti kiko wapi, CEEC, ofisi ya serikali inayothibitisha madini, wameiona? Urithi wa nkambo hauulizwi hivyo. Anayegeuza dhahabu isiyo na karatasi kuwa sarafu ya 1961 ameipa umri wa kuzaliwa kabla ya karatasi hizo kuwepo. Ndiyo maana, nadhani, muuzaji alikubali bei ya madini bila kinyongo. Alikuwa amekwisha kuuza alichokuja kuuza.

Fedha hiyohiyo ndiyo iliyosukuma kipimo cha maji kuelekea 0.76. Fedha ni nzito kuliko shaba, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito kidogo na kusukuma maji pungufu kidogo. Kwa mizani ya sehemu ya elfu tofauti ingeonekana. Kwa ile ya dukani isingeonekana kwa uhakika, na simlaumu mtu.

Kilicholeta udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni sarafu ya kwanza. Ilikuwa halali, ikathibitishwa, ikalipwa vizuri, na imani yake ikahamia kwa zile sita bila mtu kuiona ikihama. Sina shaka ilitangulizwa kwa kazi hiyo, na tamaa ndiyo iliyomponza mwenye mpango: angeificha sarafu mama, ile iliyonakiliwa, kovu lisingekuwa na wa kulilinganisha naye kwa wakati. Ingawa hata hivyo, sita zenye jeraha moja zingetosha.

Hadithi ya nkambo nayo ingehojiwa kwa upole. Mtu wa kawaida wa 1961 alishika faranga ya bronzi; ya dhahabu haikuwa ya kulipia mshahara wala kununulia unga. Familia moja kuwa na moja inawezekana. Kuwa na saba, halafu zitoke kwa mafungu, kulihitaji swali, kilio au bila kilio.

Yaliyosaidia yalikuwa mambo ya kawaida kabisa. Daftari la mpwa, lililoandikwa kwa ukamilifu hata pale ambapo hakuna aliyelielewa, ndilo uti wa mgongo wa maelezo yaliyoko parke. Picha zilizopangwa pamoja ziligundua kilichowashinda wataalamu wawili na mashine moja. Na kanuni ya baba yake Mama ilitenganisha hatari ya madini na hatari ya hadithi, kila moja ikalipwa kwa wakati wake.

Siku hizi dukani sarafu haipimwi kabla haijapigwa picha na kuwekwa kando ya nyingine za aina yake, za kwao au za minada iliyo wazi mtandaoni. Kasha la plastiki linalinganishwa na picha yake, si namba tu. Mpwa pia ameanza kumsumbua mwenye kontwari amchapishie karatasi nzima ya majibu.

Jalada bado liko wazi. Swali la kwanza la OPJ halikuhusu muhuri wala msalaba. Aliuliza dhahabu hiyo ilitoka shimo gani, na ndilo linalozuia lakiri isifunguliwe.